Msomaji Alitapeliwa au Alizidiwa Akili?

Chukua riwaya yoyote ya upelelezi iliyosomwa na watu wengi, kisha wasikilize wasomaji wake. Mmoja atakwambia ni kazi ya bingwa, hakulala mpaka alipoimaliza. Wa pili atasema mwisho wake ni utapeli mtupu. Wa tatu atadai alimjua muuaji tangu sura ya pili, kwa hiyo hakuona jipya. Wa nne atalalamika kwamba mwandishi ni fundi wa mafumbo ila wahusika wake hawana damu. Wote wanne wamesoma kitabu kilekile, na ukiwabana kila mmoja ana hoja. Ukiyajumlisha maoni yao na kuyagawa ili upate wastani wa nyota, utabaki na namba isiyomsaidia mtu, maana kila mmoja alikuwa anapima kitu chake.

Nataka kulifungua fundo hili kwa riwaya ambayo wasomaji wameibishania kwa karibu miaka 100, The Murder of Roger Ackroyd ya mwandishi Mwingereza Agatha Christie, iliyotoka kama kitabu mwaka 1926. Haiwezekani kuieleza bila kumtaja muuaji. Kama hujaisoma na unakusudia kuisoma, anza na riwaya yenyewe kisha urudi hapa.

Mambo yanatokea katika kijiji cha King's Abbot, Uingereza. Bibi Ferrars, mjane ambaye watu walitarajia ataolewa na tajiri Roger Ackroyd, amejiua. Inabainika kwamba alimuua mumewe kwa sumu, na kuna mtu aliyeijua siri hiyo akawa anamkamua fedha. Kabla ya kufa alimwandikia Ackroyd barua ya kumtaja mtu huyo. Usiku barua ilipofika, Ackroyd anakutwa amekufa katika chumba chake cha kusomea, amechomwa kisu, na barua haionekani. Hercule Poirot, mpelelezi Mbelgiji aliyestaafu na kujificha kijijini kulima maboga, anaombwa kuchunguza. Anayetusimulia yote haya ni Daktari Sheppard, tabibu wa kijiji na jirani wa Poirot, ambaye anamfuata mpelelezi hatua kwa hatua na kuandika anachokiona. Mwishoni Poirot anathibitisha kwamba aliyekuwa akimkamua Bibi Ferrars, na aliyemuua Ackroyd, ni Daktari Sheppard mwenyewe.

Yaani muuaji ndiye aliyetushika mkono kurasa zote zile.

Hapa ndipo neno "utapeli" linapoingia, na hatuwezi kuamua kama linastahili bila kusoma kwa karibu. Tuiangalie sura ya nne. Daktari amekula chakula cha jioni kwa Ackroyd, na sasa wako wawili katika chumba cha kusomea. Barua inaletwa. Ackroyd anaanza kuisoma, kisha anasita na kusema ataimalizia akiwa peke yake. Daktari anamsihi aisome, naye anakataa. Kisha msimulizi anatupa saa. Barua ililetwa saa tatu kasoro dakika ishirini. Yeye aliondoka saa tatu kasoro kumi hivi, barua ikiwa bado haijasomwa. Anaongeza kwamba alisita akiwa ameshika kitasa cha mlango, akageuka kutazama nyuma, akijiuliza kama kuna jambo aliloliacha bila kulifanya. Hakuliona. Akatoka na kufunga mlango.

Msomaji wa mara ya kwanza anaona daktari mwungwana anayeondoka na wasiwasi juu ya rafiki yake. Msomaji wa mara ya pili anaona mtu anayehakikisha kama ameshafuta nyayo zake. Sentensi ni zilezile, na hakuna hata moja yenye uongo. Kati ya barua kuletwa na mlango kufungwa kuna dakika kumi ambazo msimulizi hakuzijaza. Ndani ya dakika hizo alimuua Ackroyd na kutega mashine ya kunasia sauti ambayo baadaye, saa tatu na nusu, iliwafanya watu wa nyumbani waamini kwamba bwana wao yu hai na anazungumza.

Kuna saa nyingine tena, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Daktari anatuambia kengele ya kanisa ilikuwa inagonga saa tatu alipokuwa anapita kwenye geti. Kutoka nyumbani hadi getini ni mwendo wa dakika tano. Aliondoka saa tatu kasoro kumi. Dakika nyingine tano zilikwenda wapi? Poirot anauliza swali hilo. Msomaji naye angeweza kuliuliza, maana saa zote mbili alipewa mkononi, zikiwa karibu katika ukurasa mmoja. Wengi wetu tulizipita bila kuzisimamisha.

Ukitaka kuamua ugomvi huu, lazima utenganishe kuficha na kudanganya. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi ana ruhusa ya kuficha. Bila hiyo hana riwaya. Kudanganya ni pale sauti ambayo msomaji hana njia ya kuihoji inaposema jambo lisilo kweli. Kama Sheppard angeandika kwamba alimwacha Ackroyd akiwa mzima wa afya, na kitabu kisitoe sababu yoyote ya kuitilia shaka kauli hiyo, ningejiunga na wanaolia. Hakuandika hivyo. Aliandika kwamba barua ilikuwa haijasomwa, na kweli ilikuwa haijasomwa. Christie mwenyewe, katika tawasifu yake iliyochapishwa 1977, alijitetea kwa hoja hiihii: wanaosema amecheza rafu wakiisoma tena kwa makini wataona kwamba hawakutendewa hivyo.

Wanaopinga wana hoja nzito zaidi kuliko wanavyoieleza kwa kawaida. Hoja yao haiko katika sentensi hii au ile, iko katika dhamana. Tunapokabidhiwa hadithi katika nafsi ya kwanza tunampa msimulizi imani ya aina yake. Tunamsamehe upungufu, tunamsamehe kutoelewa mambo, lakini tunachukulia kwamba anatuandikia sisi. Msimulizi anayemfuata mpelelezi ni macho yetu pale chumbani. Tangu enzi za Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, wasomaji walizoea kumwona kama mwenzao, mtu mwema asiyewahi mambo. Christie aliichukua imani hiyo iliyojengwa na waandishi wengine kwa miongo kadhaa, akaitumia mara moja. Kwa msomaji wa aina hii, hata kama kila neno ni kweli, kuna makubaliano yamevunjwa.

Walikuwepo waliojaribu kuyaandika makubaliano hayo. Mwaka 1928 Mmarekani S. S. Van Dine alitoa kanuni 20 za riwaya ya upelelezi, ya kwanza ikidai msomaji awe na nafasi sawa na mpelelezi ya kulitegua fumbo, na ya pili ikikataza hila yoyote dhidi ya msomaji isipokuwa zile ambazo mhalifu anamfanyia mpelelezi kihalali. Mwaka 1929 padri na mwandishi Mwingereza Ronald Knox alitoa zake 10. Alitaka mhalifu atajwe mapema katika hadithi, lakini asiwe mtu ambaye msomaji ameruhusiwa kuyafuata mawazo yake. Mwaka 1930 ikaundwa Detection Club jijini London, chama cha waandishi wa riwaya za upelelezi, ambacho wanachama wake walikula kiapo cha kutotegemea miujiza wala bahati katika kutegua mafumbo. Christie alikuwa miongoni mwa waanzilishi, na baadaye akawa rais wa chama hicho.

Pima riwaya yetu kwa kanuni ya Knox, inaanguka. Ipime kwa kanuni ya pili ya Van Dine, inasimama wima, na sababu yake ni jambo ambalo wasomaji wengi wenye hasira hulisahau. Sheppard hamwandikii msomaji kutoka mbinguni. Katika sura ya mwisho anakiri kwamba alianza kuandika akitumaini kuchapisha siku moja kisa cha jinsi Poirot alivyoshindwa. Kuna hata mahali ambapo anampa Poirot aliyoyaandika, na Poirot akiisha kusoma anamsifu kwa kutojitanguliza na kwa kuiacha nafsi yake nyuma ya pazia. Sifa hiyo ni kidokezo kilichovaa nguo ya adabu. Aliyeficha dakika kumi ni mhalifu, kwa sababu za kihalifu, katika maandishi ambayo mpelelezi mwenyewe aliyasoma na kuyatilia shaka. Tulizidiwa akili na mtu aliyekuwa na kila sababu ya kutuzidi. Sioni utapeli hapo. Mwandishi Dorothy L. Sayers, aliyekuwa katika kundi lilelile la London, alimtetea Christie kwa msimamo kwamba kazi ya msomaji ni kumshuku kila mtu, na nadhani neno "kila" ndilo lililowauma watu.

Huo ni ugomvi mmoja. Wa pili mara nyingi hudhaniwa ni huohuo, kumbe haugusi haki kabisa.

Mwaka 1944 mhakiki wa Marekani Edmund Wilson aliandika katika jarida la The New Yorker akiuliza watu wanasomea nini riwaya za upelelezi, kwani yeye haoni ladha. Barua zikamiminika. Wasomaji walimwambia amechagua vitabu vibaya, wakamtajia majina ya waandishi wengine. Akavisoma. Januari 1945 akarudi na makala ya pili iliyosema ladha bado haioni, na kichwa chake kiliuliza ni nani anayejali aliyemuua Roger Ackroyd. Katika miezi michache kati ya makala hizo, mwandishi Raymond Chandler alichapisha insha yake maarufu, akilalamika kwamba mauaji ya riwaya za Kiingereza hayana uhusiano na jinsi watu wanavyouana kweli, na akimsifu mwandishi mwenzake Dashiell Hammett kwa kuyarudisha mauaji kwa watu wanaoua kwa sababu zao.

Hakuna kati ya wawili hawa anayesema alitapeliwa. Wilson anasema fumbo halimhusu. Chandler anasema watu wa fumbo si watu. Ukimjibu Wilson kwa kumwonyesha dakika tano za getini, umejibu swali ambalo hakuuliza. Wasomaji waliomwandikia barua waliangukia shimo hilo. Walimpa vitabu vyenye mafumbo bora zaidi, ilhali yeye alikuwa anatafuta watu.

Kwa Kiswahili tunao mgawanyiko huohuo, na ni mkubwa vya kutosha kutupa kambi mbili za wasomaji. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapishwa 1960, na mpelelezi Bwana Msa akaingia katika fasihi yetu na kiko chake, rafiki yake Najum akiwa pembeni. Nasaba ya Bwana Msa iko wazi: ni ya Sherlock Holmes. Riwaya hizi zinaishi kwa fumbo. Mauaji yanahusishwa na mizimu, watu wanatetemeka, kisha Bwana Msa anakaa, anawaza, na kutoa maelezo yanayosimama kwa akili ya binadamu, mara nyingi yakifukua siri za ndoa na nasaba ambazo familia ilizizika. Anayempenda Bwana Msa anapenda kuona uzi unavyovutwa polepole. Ukimwambia hadithi inakwenda taratibu, atakushangaa, kwani kwake utaratibu huo ndio utamu.

Kisha akaja Willy Gamba. Elvis Musiba alimleta katika Kufa na Kupona, 1974, jasusi wa Tanzania anayefukuzia nyaraka za siri za harakati za ukombozi. Hapa swali la "nani?" si nguzo ya nyumba. Swali ni kama atawahi, na kama atatoka hai. Na tusisahau wakati wenyewe. Msomaji wa Dar es Salaam wa 1974 alikuwa anaishi katika jiji lenye makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi huru za Afrika wa wakati ule, Msumbiji na Angola zikiwa bado mikononi mwa Wareno. Kwake adui wa Willy Gamba hakuwa mhusika wa kubuni tu. Kijana anayeisoma leo bila joto hilo akisema ni ngumi na risasi nyingi mno, na babu yake akasema hajawahi kusoma kitabu kilichomgusa kama kile, wote wawili wanasema kweli ya nyakati zao. Joram Kiango, mpelelezi wa mwandishi Ben Mtobwa, alirithi wasomaji wa kambi hiyo na kuwaongeza, akiwa na mwenzake Neema Iddi ubavuni.

Angalia sasa jinsi lawama moja inavyobadilika uzito ukiihamisha kambi. Tulifundishwa shuleni neno sadfa, na ni lawama ya kwanza ambayo msomaji wa Kiswahili huitoa akiudhiwa: "imejaa sadfa." Katika riwaya ya fumbo, sadfa inayolitegua fumbo ni kosa la kufisha. Mpelelezi akiokota bila kutarajia barua inayomtaja muuaji, msomaji aliyekuwa anakusanya vidokezo kwa kurasa 200 amepokonywa mchezo. Katika riwaya ya mbio na hatari, jasusi akikutana na adui yake hotelini kwa bahati tu, wengi tutasamehe, kwani bahati hiyo inamwingiza kwenye shida. Ikija kumtoa kwenye shida, hapo tunanuna hata sisi. Kwa hiyo anayesema riwaya ina sadfa hajamaliza kusema. Atuambie sadfa imekaa wapi na imefanya kazi gani.

Yamebaki maoni ambayo huwa yananikera, yale ya "nilimjua muuaji tangu mwanzo." Yanatolewa kama hukumu juu ya kitabu, ilhali mara nyingi ni habari za msomaji mwenyewe. Riwaya ya Ackroyd ina washukiwa wengi: mtoto wa kambo mwenye madeni, msimamizi wa nyumba, katibu, mtumishi, mjane wa nduguye na binti yake, na wengineo. Mtu mwenye mazoea ya kumwotea yule asiyeshukiwa atapatia mara nyingi bila kusoma hata kidokezo kimoja. Huko ni kubahatisha. Kubaini ni jambo jingine, nalo lina mtihani rahisi. Mwulize alimjua kwa kidokezo gani. Akikutajia dakika za getini, au kiti kilichosogezwa kutoka mahali pake chumbani ili kuificha mashine mezani, mpe heshima yake, amemshinda mwandishi uwanjani. Akikwambia "nilihisi tu," riwaya haijapungukiwa kitu.

Na je, kumjua muuaji mapema kunaharibu raha? Mwaka 2011 watafiti Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi, zikiwemo za mafumbo, wengine wakiambiwa mwisho kabla ya kusoma. Walioambiwa walizifurahia zaidi kwa wastani. Mwaka 2015 watafiti wengine walipata matokeo ya kinyume. Siamini kwamba lazima mmoja wao awe amekosea. Raha ya kwanza ya riwaya ya fumbo, ya kupigwa na butwaa, huja mara moja na ukiipoteza imepotea. Raha ya pili, ya kumtazama fundi akificha kitu mbele ya macho yako, haiji mpaka umeshaujua mwisho. Aliyeisoma The Murder of Roger Ackroyd mara moja ana nusu ya kitabu, na maoni makali zaidi dhidi yake kwa kawaida hutolewa kutoka nusu hiyo, siku ileile ya kuimaliza, hasira ikiwa bado ya moto.

Namna ya kusoma nayo inabadilisha hukumu, jambo ambalo sisi tuliokulia kwenye hadithi za magazetini zenye "itaendelea" tunalijua vizuri. Riwaya hii yenyewe ilianza kwa vipande katika gazeti la London Evening News mwaka 1925. Msomaji wa vipande hana sura ya nne mkononi anapofika mwisho. Gazeti lilishafungia samaki. Hawezi kurudi kuhesabu dakika. Akisema ametapeliwa, ana udhuru ambao mwenye kitabu hana. Wanaosoma leo riwaya zinazotolewa kipande kwa kipande kwenye simu wako katika hali ileile, na zaidi ya hapo wanatoa maoni njiani, kabla mwandishi hajafika anakokwenda. Maoni ya katikati ya safari ni ya taharuki. Yanaeleza kama msomaji anatamani kipande kijacho. Kuhusu haki ya fumbo hayawezi kusema lolote, maana fumbo halijateguliwa.

Msomaji aliyekwenda mbali kuliko wote katika mabishano haya ni Mfaransa Pierre Bayard, profesa wa fasihi na mtaalamu wa uchambuzi wa nafsi, aliyeandika kitabu kizima mwaka 1998 kudai kwamba Poirot alikosea. Hoja yake inaanzia pale ambapo watetezi wa Christie tunaishia. Kama Sheppard ni msimulizi anayeficha, kwa nini tuliamini ungamo lake? Bayard anamtazama daktari, anaona mtu dhaifu wa moyo asiyefanana na muuaji huyo jasiri, kisha anamgeukia Caroline, dada yake, mwanamke mwenye udadisi usio na mpaka na mapenzi makubwa kwa kaka yake, anayekaa nyumba moja naye. Kwa Bayard, Caroline ndiye aliyeua ili kumlinda, na daktari alijitwisha kosa.

Simfuati mpaka huko. Ungamo la Sheppard halisimami peke yake: kuna mashine ambayo yeye, mpenda mitambo, ndiye aliyeweza kuitega, kuna simu iliyopigwa kutoka stesheni kwa ombi lake ili awe wa kwanza kuingia chumbani, kuna geti na kengele ya kanisa. Bayard analazimika kuviweka pembeni vitu ambavyo vinaweza kuhesabiwa, akishika tabia ya mtu, ambayo kila msomaji huipima kwa macho yake. Lakini alirudi kwenye maandishi, akaonyesha ukurasa, na anaweza kujibiwa kwa ukurasa mwingine.